Daftari la Muuza Sigara na Kura ya Mwanadelta



Kila unapowadia wakati wa uchaguzi, sisi wananchi wa Kibiti na wa vijiji vya Delta ya Rufiji huwajadili wagombea kwa ukoo wao, kwa chama chao, kwa utamu wa maneno yao jukwaani, na mara nyingi kwa fulana na khanga walizogawa. Yuko mwingine anayewajadili wagombea hao hao, naye hana kadi ya mpiga kura. Hajali ukoo wala kabila, hajali dini, na chama pia hakimshughulishi sana. Analo daftari, na ndani ya daftari hilo kila mwanasiasa amepangiwa safu yake: huyu ni rafiki, huyu ni adui, huyu bado anaweza kuvutwa. Mwenye daftari hilo ni muuza sigara.

Tunataka kusema jambo moja tu katika tafakari hii, nalo ni hili: wauza sigara huisoma kura yetu kwa makini kuliko tunavyoisoma wenyewe, na kwa sababu hiyo sheria zinazogusa mapafu ya watoto wetu huandikwa kwa kuangalia daftari lao kabla ya kuangalia afya zetu. Hali hii itaendelea mpaka siku tutakapoanza kuandika daftari la kwetu.

Tunajuaje haya?

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya vijiweni. La hasha. Mwaka 1998, baada ya majimbo ya Marekani kuyashtaki makampuni makubwa ya sigara na kufikia nayo mapatano, makampuni hayo yalilazimika kuziweka hadharani nyaraka zake za ndani. Mamilioni ya nyaraka hizo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California kilichopo San Francisco, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Humo zimo barua na taarifa zilizoandikwa na watu ambao hawakutarajia kwamba siku moja zingesomwa na mtu baki. Zinaonyesha jinsi walivyofuatilia chaguzi, jinsi walivyopima maana ya kila matokeo kwa biashara yao, na jinsi walivyopanga nani asaidiwe na nani azuiwe.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Tuutazame mfano mmoja. Tarehe 14 Aprili 1994, wakuu saba wa makampuni ya sigara walisimama mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na mbunge Henry Waxman. Chini ya kiapo walisema, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawaamini kuwa nikotini humfanya mtu kuwa mtumwa wake. Dunia nzima ilishangaa. Novemba ya mwaka huo huo ulifanyika uchaguzi, na chama cha Waxman kikapoteza wingi wa viti. Uenyekiti wa kamati kuu iliyosimamia mambo hayo ukaenda kwa Thomas Bliley, mbunge wa Richmond, Virginia, mji wenye kiwanda kikubwa cha Philip Morris. Uchunguzi ule ukapoa. Hakuna aliyemjibu Waxman kwa hoja ya kitabibu. Kura ndizo zilizohamisha kiti.

Hata hivyo haki itendeke. Bliley huyo huyo, mwaka 1998, ndiye aliyezidai nyaraka za makampuni na kuziweka maelfu yake hadharani. Hilo linatufundisha kwamba mtu aliyeandikwa kuwa rafiki katika daftari la muuza sigara si lazima afe akiwa rafiki. Anaweza kubadilika, hasa pale wananchi wanapomkazia macho.

Mwaka 1995, mbunge John Boehner aligawa hundi za michango ya kampuni ya sigara kwa wabunge wenzake ndani ya ukumbi wenyewe wa Bunge. Baadaye alikiri na kusema asingerudia. Huko Uingereza, kabla ya uchaguzi wa 1997, tajiri wa mashindano ya magari Bernie Ecclestone alikichangia chama cha Labour pauni milioni 1. Chama kikashinda, na miezi michache baadaye serikali yake ikataka mashindano hayo, ambayo magari yake yalijaa matangazo ya sigara, yasiguswe na marufuku ya matangazo hayo. Ilikanushwa kwamba fedha ilinunua uamuzi, lakini fedha ilirudishwa. Sisi twauliza swali la mtu wa kawaida: kama haikuwa na uzito, ilirudishwa kwa nini?

Karibu na nyumbani

Haya si mambo ya Wazungu peke yao. Nchini Uganda, Dkt. Chris Baryomunsi, mbunge kutoka Kanungu, alipeleka bungeni muswada binafsi wa kudhibiti tumbaku. Kampuni ya British American Tobacco ya nchini humo ikamwandikia barua kwamba, kwa sababu ya muswada huo, haitaendelea na mikataba ya wakulima zaidi ya 700 wa eneo lake. Tafakarini vema barua hiyo. Haikubishana naye kama sigara inaua au haiui. Ilimkumbusha tu ni akina nani wanaompigia kura, na ni nani aliyeshika mkate wao. Hiyo ndiyo lugha ya daftari. Mbunge huyo hakurudi nyuma. Sheria ilipitishwa mwaka 2015, na kampuni ilipokwenda katika Mahakama ya Katiba, shauri lake lilitupiliwa mbali mwaka 2019.

Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria ilitungwa mwaka 2007 na kanuni zake zikatoka mwaka 2014. Miongoni mwa mambo yaliyoikera sana kampuni ya sigara ni vifungu vilivyoweka mipaka ya ukaribu kati yake na watumishi wa umma. Kampuni ilikwenda Mahakama Kuu, ikashindwa katika hoja zake nyingi. Ikaenda Mahakama ya Rufani, ikashindwa. Ikaenda Mahakama ya Juu, nako ikashindwa, Novemba 2019. Mfanyabiashara wa maandazi hatumii miaka mitano mahakamani akipigania nafasi ya kuonana faragha na afisa wa serikali. Mwenye kuipigania nafasi hiyo anajua thamani yake.

Mwaka 2015, shirika la utangazaji la BBC lilitangaza madai ya Paul Hopkins, aliyekuwa mtumishi wa British American Tobacco nchini Kenya, kwamba fedha zililipwa kwa wanasiasa na maafisa wa nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Kampuni ilikanusha. Ofisi ya Uingereza inayoshughulikia udanganyifu mkubwa ilichunguza tangu 2017, na Januari 2021 ikafunga jalada ikisema ushahidi haukutosha kufungua mashtaka. Tunayaeleza yote mawili, madai na mwisho wake, kwa sababu kusema kweli ni wajibu hata kwa yule tusiyempenda. Tena hoja yetu haitegemei rushwa. Muuza sigara ana njia nyingi zisizovunja sheria: mchango, safari, udhamini, darasa lililojengwa kwa picha na hotuba. Hizo ndizo zinazotisha zaidi, kwa kuwa hazina polisi.

“Tumbaku hailimwi Rufiji”

Tunajua kuna msomaji wa Nyamisati au wa Mbwera anayejiuliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Kwetu ni mpunga, kamba, samaki na mikoko. Tumbaku ni ya Urambo, ya Chunya, ya Namtumbo.

Ndugu yetu, hapo ndipo penye kiini cha jambo. Bunge la Dodoma halitungi sheria ya sigara kwa ajili ya Urambo peke yake. Kura ya mbunge wa Kibiti ina uzito sawa na kura ya mbunge wa Urambo. Tofauti yao ni kwamba mbunge wa Urambo ana maelfu ya wakulima ambao chakula chao na karo za watoto wao vimefungwa katika marobota ya tumbaku. Ana sababu ya kusitasita, nasi tunamwonea huruma. Mbunge wa Delta anafungwa na nini? Hana shamba la tumbaku, hana bani la kukaushia, hana chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kinachomsubiri kwa madeni ya pembejeo. Yeye yuko huru. Basi akinyamaza, ukimya wake hauna udhuru wa mkulima. Katika daftari la muuza sigara, mtu huru namna hiyo ndiye wa kutazamwa kwa karibu, kwa maana hashikiki ila kwa zawadi, kwa sifa, au kwa uvivu wa wapiga kura wake.

Na uvivu huo umetugharimu. Tanzania ilitunga Sheria ya Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, kabla ya kuridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Mkataba ni mpana kuliko sheria. Zaidi ya miaka 15 baada ya kuridhia, nchi ilikuwa bado inategemea sheria ile ya 2003. Hata hiyo iliyopo inakataza kumuuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18, lakini nenda kwenye genge lolote uone kama muuzaji anauliza umri. Sigara huuzwa moja moja, na bei ya sigara moja imo ndani ya uwezo wa mtoto aliyetumwa chumvi.

Vilevile, kwa miaka mingi sheria zetu za fedha zimetoza ushuru mdogo zaidi kwa sigara zenye tumbaku ya nchini isiyopungua asilimia 75. Nia inayotajwa ni kumlinda mkulima. Lakini pafu halijui jani lilikolimwa. Kifungu kama hicho, chenye mistari michache, kina thamani kubwa kwa muuza sigara kuliko mabango yote ya barabara ya Kilwa. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wa Delta, wanaojua jahazi linavyoundwa ubao kwa ubao, wanauelewa msemo huu kuliko wengine. Kila kifungu kinachoelea salama bungeni mwaka baada ya mwaka kina fundi wake.

Isitoshe, sisi si wageni wa mambo haya. Wazee wetu wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya African Fishing Company ilipotaka kuchimba maelfu ya hekta za mabwawa ya kufuga kamba katika Delta. Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri mradi ukataliwe, Serikali ikauidhinisha. Wanakijiji wa Delta, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT, walikwenda mahakamani, na mradi ule haukujengwa kamwe. Mikoko ikabaki. Hao hawakuwa wasomi wa Dodoma; walikuwa wavuvi na wakulima wa mpunga walioamua kufuatilia nani amesema nini na nani amesaini nini.

Tena ni LEAT hao hao, pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria cha NOLA, walioipeleka mahakamani ile “takrima” iliyohalalishwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba takrima inakiuka Katiba. Aliyeitetea mikoko alitambua kwamba lazima aitetee na kura, maana mbunge aliyenunuliwa kwa pilau hawezi kuulinda mti.

Na kodi je?

Hoja kubwa ya watetezi wa sigara ni kodi. Husema: kampuni ya sigara ni miongoni mwa walipa kodi wakubwa; mkiibana, dawa za zahanati mtanunua kwa nini? Hoja hii imewanyamazisha wengi, wakiwamo watu wema.

Hebu tuitazame vizuri. Ushuru wa bidhaa hautoki mfukoni mwa kampuni. Unatoka kwa kijana wa Salale anayenunua sigara yake kwa fedha ya kamba aliowavua usiku. Kampuni huukusanya na kuupeleka, kisha ikapokea shukrani na cheti. Aliyelipa hasa ni mvutaji, naye atalipa mara ya pili atakapougua. Na kuugua katika Delta kuna gharama zake: mgonjwa husubiri maji yajae ndipo mashua ipite kwenye mkondo, kisha gari hadi hospitali, kisha safari ya Dar es Salaam, na kwa mwenye saratani ni Taasisi ya Ocean Road, na ndugu wawili wa kumuuguza, na shamba linalobaki bila mtu msimu mzima. Gharama hiyo haimo katika hotuba ya bajeti. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani, na miongoni mwao wapo wengi ambao hawakuvuta bali walivutiwa moshi.

Tena mwenye kujali mapato ya nchi kwa dhati angeunga mkono ushuru mkubwa zaidi, kwa sababu ushuru ukipanda, wanaovuta hupungua na hazina hupata. Lakini hatujasikia hoja ya kodi ikitumika kuomba kodi iongezwe. Hutumika siku zote kuizuia.

Na wakulima wa tumbaku? Hatuwachukii, wala hatuwaombei njaa. Wao ndio wa kwanza kuumia, kwa madeni na kwa misitu ya miombo iliyokatwa kukaushia majani. Tunachokikataa ni kuwafanya ngao, kama walivyofanywa kule Kanungu, ambako mkulima alikumbukwa siku ile tu alipohitajika kumtisha mbunge.

Wapo pia watakaosema kwamba Kanisa lisiingilie. Tunawajibu kwamba Kanisa lilianza na nyumba yake. Vatikani yenyewe iliuza sigara kwa miaka mingi, ikipata fedha nyingi. Novemba 2017 Papa Fransisko aliamua kwamba biashara hiyo ikome mwaka uliofuata, kwa kuwa haiwezekani kushiriki katika jambo linalodhuru afya ya watu hata kama lina faida. Ikiwa dola ndogo kuliko shamba moja la mpunga imeweza kuachana na fedha hiyo, hoja kwamba haiwezekani haina miguu.

Daftari letu

Tufanye nini basi? Miongozo ya mkataba ule, iliyopitishwa Durban mwaka 2008, inasema wazi kwamba maslahi ya biashara ya tumbaku na maslahi ya afya ya umma hayapatanishiki, na inashauri nchi zikataze michango ya makampuni hayo kwa vyama na wagombea, au angalau itangazwe yote. Sheria yetu ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inadai michango iwekwe wazi kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Lakini karatasi hizi hazina macho. Macho ni yetu.

Tunapendekeza kila jumuiya ndogo ndogo, na kwa kuwa huku kwetu Waislamu ndio wengi, tunaomba pia majirani zetu wa misikitini, wafungue daftari moja la shilingi mia chache. Ndani yake waandike majina ya wote wanaoomba kura, kuanzia kitongoji hadi Bunge, na mbele ya kila jina majibu ya maswali matatu. La kwanza: umepokea au utapokea chochote, fedha, gari, fulana au turubai, kutoka kwa kampuni ya sigara au wakala wake? La pili: utaunga mkono sheria itakayotimiza mkataba tulioridhia mwaka 2007? La tatu: ikifika bajeti, utatueleza ulisema nini kuhusu ushuru wa sigara? Kisha daftari lisifungwe baada ya kura kuhesabiwa. Bunge huchapisha taarifa rasmi za majadiliano yake. Muuza sigara huzisoma. Kijana mmoja mwenye simu katika kila kijiji anaweza kuzisoma pia na kuwasomea wazee.

Hatumnyooshei kidole mbunge yeyote wala mgombea yeyote. Tunasema na wapiga kura. Sisi tulioona, mwaka 2016 na 2017, wenyeviti wa vijiji na vitongoji pamoja na askari polisi wakiuawa katika ardhi hii ya Kibiti, tunajua kwamba uongozi hapa umelipiwa kwa damu. Ni aibu kitu kilichogharimu damu kuuzwa kwa fulana.

Mkono mtupu haulambwi, husema wenye kupokea. Nasi twawaambia: mkono uliojaa leo una hesabu yake, na hesabu hiyo imekwisha andikwa na mtu asiyejua hata njia ya kufika Maparoni. Anachojua ni kwamba kiti chetu kina kura moja bungeni. Yatupasa nasi tulijue hilo, tuliandike, na tumuulize mwenye kiti.